Ushongo wanasajili ndege: Dakota, Comet au ile ya Munich?

MECHI ilikuwa 1-1 ndege ilipopita.

Maji yalikuwa yamepwa hadi mbali, uwanja wa mchangani wa Ushongo umekauka vizuri, na vijana wa pande mbili za kijiji walikuwa wanakimbizana peku bila huruma. Mara kipa wa upande wa kusini akatazama juu. Mabeki wake nao wakatazama juu. Kindege cha injini moja kilikuwa kinashuka kuelekea kiwanja cha Mashado na wageni wa hotelini, na wakati wote wanakishangaa, straika wa upande wa kaskazini akautia mpira kati ya fito mbili za mkoko. 2-1.

Zogo lake si la kuandika gazetini. Refa, ambaye alfajiri ni mvuvi na jioni ndiye mwenye filimbi, alisema goli ni halali kwa sababu yeye hakupuliza, na ndege si mchezaji wa timu yoyote. Kusini wakalala na kipigo chao. Usiku ule, kwenye banda umiza la kijiji, hakuna aliyezungumzia kitu kingine zaidi ya ndege.

Nilikwenda Ushongo kuandika habari ya soka la ufukweni. Kwa asiyepajua, unatoka Tanga mjini hadi Pangani, unavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, halafu bodaboda inakupitisha kwenye minazi na mikonge mpaka unaiona bahari tena. Mwongozo wa ligi yao ni jedwali la maji kujaa na kupwa, hiyo tu ilikuwa stori tosha. Lakini nilikuta kijiji kiko kwenye dirisha la usajili, na anayesajiliwa ni ndege.

Iko hivi. Mwenye banda, mshabiki wa Manchester United wa kufa na kuzikana, ameezeka upya. Paa limepanda juu, boriti la katikati liko wazi, na anataka kitu cha kuning'iniza pale badala ya bendera na jezi ambazo kila banda la pwani linazo. Akamfuata fundi wa ngalawa, mzee aliyevuka miaka 70 ambaye siku hizi anachonga vingalawa vidogo vya kuwauzia wageni. Mzee akakubali kuchonga ndege, ila kwa masharti yake. Iwe ndege ya abiria ya zamani, na iwe na injini zaidi ya moja.

"Ya injini moja inapita hapa kila siku bure," alinieleza. "Nani atalipa mia tano aingie bandani kuitazama? Na hizi kubwa za sasa zote sura moja. Ukichonga moja umechonga zote."

Sharti la tatu hakulisema, nililiona mwenyewe. Gogo ni moja tu. Ni kipande cha msufi, mti mwepesi, kirefu dhiraa mbili, kilichokaushwa kivulini miezi mingi. Na macho ya mzee yakifika saa kumi na moja jioni yanaanza kumsumbua. Ikichongwa ndege hii, hakutakuwa na nyingine ya ukubwa huo. Ndiyo maana watu wazima walikuwa wanabishana kama vile wanapanga kikosi cha fainali.

Ile ya Munich

Mwenye banda alikuwa na jina moja tu kwenye karatasi yake, na kiukweli na mimi nilikuwa upande wake. Mimi ni United, sifichi.

Ndege aliyoitaka inaitwa Airspeed Ambassador. Shirika la Uingereza la British European Airways liliziita Elizabethan. Injini mbili za rafadha, mabawa yamepita juu ya kiwiliwili, na mkiani ina mapezi matatu yaliyosimama, kitu ambacho ukikiona mara moja husahau. Zilitengenezwa 23 tu duniani. Februari 6, 1958, mojawapo ilikuwa inawarudisha vijana wa Matt Busby kutoka Belgrade, ambako siku moja kabla walitoka 3-3 na Red Star na kufuzu nusu fainali ya Kombe la Ulaya kwa jumla ya mabao 5-4. Ikatua Munich kujaza mafuta. Rubani akajaribu kuruka mara mbili, akakatisha. Mara ya tatu theluji iliyoyeyuka nusu, ile ya ujiuji, iliyavuta magurudumu mwishoni mwa njia ya kurukia, ndege ikashindwa kupanda, ikavunja uzio na kugonga nyumba.

Waliokuwemo ni 44. Waliokufa ni 23. Wachezaji walikuwa wanane, na Duncan Edwards, ambaye waliomwona wanaapa hakuwa na mfano, alipigania maisha hospitali siku 15. Bobby Charlton alipona, na miaka kumi baadaye, 1968, aliinua kombe lilelile. Rubani James Thain naye alipona, akabebeshwa lawama kama miaka kumi kabla jina lake kusafishwa.

Kuna idadi moja ambayo washabiki wengi hawaitaji. Waandishi wa habari za michezo waliokufa kwenye ndege ile walikuwa wanane pia, mmoja wao Frank Swift, kipa wa zamani wa Manchester City aliyegeuka mwandishi. Wanane, sawasawa na wachezaji. Walikuwa wametoka kutuma ripoti ya mechi, kazi hii hii ninayoifanya mimi. Nilipolisema hilo bandani watu walinyamaza, na mwenye banda akanitazama kama straika aliyepata pasi ya mwisho.

"Mmemsikia mwandishi?" akasema. "Hiyo ndiyo ndege."

Mzee hakujibu. Alikuwa anakuna kucha ya dole gumba kwa ncha ya patasi.

Usajili mwingine ukamiminika. Kijana mmoja anayeshabikia timu za Italia alileta Fiat G.212, ndege ya injini tatu, moja puani na mbili kwenye mabawa, iliyowabeba Torino kutoka Lisbon Mei 4, 1949 na kugonga ukuta wa nyuma wa kanisa la Superga, juu ya kilima, kwenye ukungu. Wote 31 walikufa. Torino ilikuwa inaongoza ligi, ikamalizia mechi zilizobaki kwa kikosi cha vijana, na wapinzani nao wakachezesha vijana kwa heshima. Watoto waliipenda kwa sababu ya injini ya tatu tu.

Halafu kaka mkubwa wa mwenye banda akaitaja Zambia.

Hii ilikuwa tofauti. Aprili 27, 1993 alikuwa kijana mwenye redio ya betri, na anakumbuka jinsi watu walivyoizunguka ile redio. Chipolopolo walikuwa safarini kwenda Dakar kucheza na Senegal kufuzu Kombe la Dunia. Ndege yao, Buffalo ya jeshi yenye injini mbili, ilitua Libreville kujaza mafuta, ikaruka, na muda mfupi baadaye injini moja ikashika moto. Rubani akazima injini, lakini akaizima ile nzima. Ndege ikaangukia baharini, si mbali na ufukwe wa Gabon. Watu 30, kati yao wachezaji 18. Kalusha Bwalya hakuwemo kwa sababu alikuwa anasafiri kivyake kutoka Uholanzi. Mwaka 2012, mjini Libreville kule kule, Zambia ilibeba Kombe la Afrika kwa kuifunga Ivory Coast penalti 8-7, na kabla ya fainali wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua.

Habari ya ndege iliyoanguka baharini haisimuliwi Ushongo kama inavyosimuliwa Dar. Pale bandani nusu ya watu ni wavuvi. Hakuna aliyetania. Kisheria, Buffalo ilikuwa imeshatolewa, maana ni ndege ya mizigo ya jeshi, si ya abiria, lakini hakuna aliyeona haja ya kulisema hilo kwa sauti.

Mzee aliinuka, akachukua fimbo yake. "Mnanipa majeneza," akasema. "Niwachongee jeneza nilitundike juu ya vichwa vya watu wanaoangalia mpira?" Akaenda kulala.

Hesabu za binti

Asubuhi nilimfuata kwenye kivuli cha mkungu ambako anafanyia kazi. Nikampa shikamoo, akanijibu marahaba, akanionyesha gogo la kukalia. Alikuwepo mjukuu wake, binti wa kidato cha tatu anayecheza winga kwenye timu ya wasichana, na daftari la hesabu liko magotini.

Binti ndiye aliyenifundisha kwamba kuchagua ndege ya kuchonga hakuanzi na jina. Kunaanza na gogo.

Gogo ni dhiraa mbili, yaani kama sentimita 90. Ukitaka kiwiliwili kiingie hapo, kila ndege inakuja na kipimo chake. Super VC10, ndege kubwa ya injini nne mkiani ambayo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kuipokea 1966, ina urefu wa zaidi ya mita 52. Kuiingiza kwenye gogo lile lazima uipunguze mara 60. "Dirisha linakuwa kama nukta ya kalamu," alisema binti. "Babu hataliona." Imetolewa, pamoja na uzuri wake wote, maana ile ndege ilikuwa nzuri bwana, shingo ndefu na mkia umesimama kama wa kaa anapotisha gando.

Comet 4, mita 34, inapunguzwa mara 40. Comet ina historia kwetu. Ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba duniani, Mei 2, 1952, ilitoka London kwenda Johannesburg na ilipita Entebbe. Hiyo ilikuwa Comet ya mwanzo, ambayo bati lake lilikuja kuchoka na kupasuka angani, zikasimamishwa mwaka 1954. Comet 4 ilikuwa imerekebishwa, na shirika letu la Afrika Mashariki lilianza kuzirusha 1960. Tatizo la kuichonga ni kwamba injini zake nne zimefichwa ndani ya mabawa, pale yanapoungana na kiwiliwili. Ukiitazama kwa chini, bandani, huoni injini hata moja.

"Watoto watauliza inaendaje," alisema mzee. Imetolewa.

Kulikuwa na nyingine iliyomgusa kama fundi: De Havilland Dragon Rapide. Shirika la Afrika Mashariki lilipoanza kazi Januari 1946 lilikuwa na ndege sita za aina hiyo. Injini mbili, mabawa mawili mawili kila upande, la juu na la chini, na mwili wake ulikuwa wa mbao na kitambaa. Nilipomwonyesha picha kwenye simu aliishika kwa mikono miwili.

"Kumbe waliruka na mbao?"

"Ndiyo, babu."

"Na gundi?"

"Na gundi."

Akacheka mpaka akakohoa. Lakini kati ya bawa la juu na la chini kuna nguzo nyembamba na waya chungu nzima, na upepo wa kaskazi ukiingia bandani ungezing'oa mwezi wa kwanza. Akairudisha simu taratibu, kama kocha anayemwacha mchezaji anayempenda.

Zikabaki mbili. Binti alikuwa na ya kwake, na alikuwa ameificha hadi hapo. Fokker F27 Friendship. Injini mbili, bawa limekatiza juu ya kiwiliwili kama tengo linavyokatiza juu ya ngalawa, kwa hiyo linachongwa kipande kimoja na ndege inaning'inia bila kupinda. Shirika la Afrika Mashariki lilikuwa nazo tangu miaka ya sitini mwanzoni, na liliposambaratika 1977, Air Tanzania ikazirusha zikiwa na twiga mkiani.

"Twiga, babu," alisema binti. "Kama Twiga Stars. Kila kitu bandani ni cha wanaume. Hata hiyo ndege mnataka iwe ya wanaume waliokufa."

Hoja ilikuwa imepigwa ikatulia wavuni. Mimi ningempa ushindi papo hapo. Kwa ufundi ndiyo rahisi zaidi, kwa historia ni ya kwetu, na hakuna banda jingine pwani hii lenye Friendship. Mzee mwenyewe alikaa kimya muda mrefu, akalipima gogo kwa kiganja mara mbili.

Halafu akaanza kuhadithia ya kwake.

Ilipita upande wa Maziwe

Alipokuwa mtoto, miaka ya hamsini ikielekea sitini, kulikuwa na ndege inapita baharini, upande wa kisiwa cha Maziwe. Haikupita juu sana. Ilikuwa na mngurumo mzito unaoanza kusikika kabla haijaonekana, na wavuvi waliokuwa nje waliitumia kujua wamechelewa au bado. Baba yake aliita "ya Unguja". Yeye na kaka yake walikuwa wanakimbia nayo ufukweni, mmoja akiwa na kiatu cha kifuu cha nazi mkononi akidai ndiyo ndege.

Hakujua jina lake. Ndipo nilipomfungulia picha moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye Dakota alinyoosha kidole, hakusema neno.

Inaingia akilini. Dakota ni jina ambalo Waingereza waliipa DC-3 ya Marekani, iliyoruka kwa mara ya kwanza Desemba 17, 1935. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000, nyingi zikiwa za vita, na vita ilipokwisha zikauzwa kila kona ya dunia. Shirika la Afrika Mashariki lilizitumia kwa miaka mingi, na njia yake ya pwani ilikuwa Nairobi, Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam. Chora mstari kutoka Tanga kwenda Unguja, unapita karibu na Maziwe. Na kwa kuwa Dakota haikufungwa hewa ndani kama ndege za sasa, haikuwa na sababu ya kupanda juu mawinguni kwa safari fupi kama ile. Watoto wa ufukweni waliiona tumbo.

Vijana wa Ushongo hawakuwa wanalijua hilo hata mmoja. Nami sikulijua kama habari ya mahali pale. Kwa vijana wale ndege ni kile kindege cha wageni kinachowaharibia mechi. Kwamba ndege ya abiria ya injini mbili ilikuwa inapita mbele ya uwanja wao miaka ambayo Coastal Union na African Sports ndio walikuwa mabwana wa Tanga, ni jambo lililobaki kwenye kichwa cha mzee mmoja ambaye macho yake yanafifia saa kumi na moja.

Sasa nikawa na kazi ngumu. Mzee amekataa majeneza, na mimi nilikuwa najua jambo kuhusu Dakota. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimemdanganya. Nikamwambia kwamba Mei 18, 1955 Dakota ya shirika hilohilo, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Mlima Kilimanjaro na watu wote 20 waliokuwemo walikufa.

Aliendelea kunoa tezo.

"Kaka yangu, yule niliyekuwa nakimbia naye, amekwenda na ngalawa," alisema. "Tulipata rengu moja, basi. Na mimi ngalawa nimechonga ngapi baada ya hapo? Chombo chochote kinaua, mwanangu. Ile yenu ya Ulaya nilikuuliza jana, kabla ya siku hiyo ilijulikana kwa nini? Ukaniambia ilibeba watu tu. Mnaitaka kwa kuanguka. Mimi hii naitaka kwa kupita."

Hakuwa ameniuliza jana, alikuwa amekwenda kulala. Lakini sikuwa na jibu vilevile.

Mwenye banda hakukubali kirahisi, tusidanganyane. Alisema yeye ndiye anayelipa, na watu wa Ushongo wanaijua Munich kuliko Maziwe. Kaka yake ndiye aliyeumaliza. Alimwambia United wana makumbusho yao wenyewe Old Trafford, wana saa ukutani iliyoandikwa siku ile, hawahitaji banda la Pangani. "Hii ya mzee ina banda gani jingine?" Mwenye banda akatoka nje, akanunua kahawa, akarudi, akasema sawa, lakini Februari 6 televisheni itazimwa dakika moja. Hilo likapita bila kura.

Binti ndiye aliyetoka na mkataba mzuri kuliko wote. Vipande vitakavyobaki vya msufi ni vyake. Atachonga Friendship ndogo yenye twiga, babu akisimamia, na itakuwa kombe la timu ya wasichana.

Rangi sasa

Kazi imepangwa hivi. Dakota ina urefu wa karibu mita 20, kwa hiyo inapunguzwa mara 24: kiwiliwili sentimita 82, mabawa karibu sentimita 120 kutoka ncha hadi ncha. Mabawa hayatoki kwenye gogo moja, yatachongwa upande upande na kuunganishwa kwa kipande cha tengo la ngalawa kuukuu kitakachopita tumboni. Bawa la Dakota lina tabia yake. Ukingo wa mbele unarudi nyuma kuelekea nchani, wa nyuma umenyooka, na ncha zote mbili zimeinuka kidogo. Ukilichonga bapa umeharibu, linakuwa kama ubao wa kufulia.

Injini mbili zitatoka kwenye ule mlingoti wa ua la mkonge, ambao ukikauka ni mwepesi kama boya na msasa unauweka sawa kwa dakika chache. Mashamba ya mkonge yako jirani, haina gharama. Rafadha, vipande vitatu kila injini, vitakatwa kwenye kopo, na mzee anataka zizunguke upepo ukiingia. Magurudumu ni ndala, kama gari la mtoto yeyote. Hapo kuna jambo lililomfurahisha sana: Dakota ikikunja magurudumu angani hayaingii yote, nusu inabaki nje. "Kama kobe anachungulia," alisema. Ushongo kasa wanataga ufukweni na watoto wanajua wanachungulia vipi, kwa hiyo mfano ulieleweka.

Ugomvi umehamia kwenye rangi. Simba wanataka mstari mwekundu ubavuni. Yanga wamesema wakiona mwekundu hawaingii bandani, na wakiombwa maoni wao wanaona kijani na njano zinafaa sana kwa ndege. Mgosi mmoja wa Coastal Union akawakumbusha kwamba hii ni Tanga, na bingwa wa 1988 anatoka hapa, kwa hiyo wote wawili watulie. Mzee amekataa yote. Anataka rangi ya bati, ile ya kupaka mageti, kwa sababu ilikuwa inang'aa jua likiipiga na ndivyo walivyoiona kutoka mbali.

Zimebaki herufi za ubavuni. Mwenye banda anataka ianze na 5H, ya Tanzania. Kaka yake anasema kama ni ya utoto wa mzee, ni kabla ya uhuru, basi iwe VR-T, ya Tanganyika, na isije ikawa VP-K kwa sababu hiyo ni ya Kenya na Wakenya hawajachangia hata msumari. Wakamgeukia mzee, yeye ndiye aliyeiona.

"Wakati ule sijui kusoma," alisema. "Andikeni nyie."

Niliondoka kesho yake maji yakiwa yanaanza kupwa na vijana wa Kusini wameshachomeka fito, wanataka marudiano. Chini ya mkungu binti alikuwa amepiga mstari wa mkaa katikati ya gogo, puani hadi mkiani, na babu yake ameshaanza kulipunguza upande mmoja kwa tezo, chapu chapu, vipande vyeupe vinaruka. Aliniuliza Dakota ina madirisha mangapi kila upande. Nikatoa simu, mtandao ukawa unazunguka tu. Nilipoinua macho, alikuwa ameshaweka alama saba.